Mtoto Asiyesikia Hangojewi
Darsa juu ya ubongo unavyokomaa katika kupeleka sauti

Imekuwa desturi katika miji yetu ya pwani ya kwamba mtoto akifika mwaka wa pili naye hasemi, wala hageuki aitwapo, wazee humtuliza mamake kwa neno moja: “Ngoja, mwanangu. Hata babake alichelewa kusema.” Neno hili hutoka katika vinywa vya watu wema wenye huruma, na mara nyengine huwa ni kweli, kwani watoto hawasemi wote kwa siku moja. Lakini mara nyengine mtoto huyo hasikii, na kila mwezi upitao katika kungojewa ni mwezi ambao ubongo wake ulihitaji sauti usiipate.

Darsa hii yataka kubainisha jambo moja, nalo ni kwamba mtoto hazaliwi na njia ya kusikia iliyokwisha kujengwa. Sikio huonekana kamili tangu siku ya kwanza; lakini ndani ya ubongo, zile sehemu ambapo seli moja huipa nyengine habari bado ni changa. Hukomaa daraja baada ya daraja, na baadhi ya daraja hizo hutaka sauti ili zitimie. Mwenye kulifahamu hili hatamwambia tena mama mwenye wasiwasi, “Ngoja.”

Yatakayofuata yana majina mageni machache. Msomaji asiogope majina, bali ayashike maana, na palipo pazito asome mara mbili.

SELI MBILI NA MWANYA ULIO BAINA YAO

Ubongo umefanywa kwa seli, yaani vijumba vidogo vyenye uhai visivyoonekana kwa jicho tupu. Seli za fahamu zina mikia mirefu ipelekayo habari kwa nguvu ya umeme mdogo. Zamani wataalamu walihitilafiana: je, mikia hii imeungana yote kama nyuzi za jarife moja, au kila seli ni mbali na mwenziwe? Bwana Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alishikilia ya kwamba kila seli ni mbali. Mwaka wa 1906 alipewa Tunzo ya Nobel pamoja na Bwana Camillo Golgi wa Italia, naye Golgi alikuwa akishikilia kinyume chake. Baadaye ilithibiti kuwa Cajal ndiye aliyepata. Mahali seli mbili zinapokaribiana paliitwa sinapsi, jina lililotolewa mwaka wa 1897 na Bwana Charles Sherrington wa Uingereza. Hapo pana mwanya mwembamba mno, wa takriban nanomita 20. Na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mafungu milioni.

Katika sinapsi nyingi umeme wenyewe hauvuki mwanya huu. Ni nini basi kinachovuka? Mwaka wa 1921 Bwana Otto Loewi, katika mji wa Graz nchini Austria, alitwaa mioyo miwili ya vyura, kila mmoja akautia katika maji ya chumvi. Akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, na mapigo yake yakapungua kasi. Kisha akayatwaa yale maji akayatia katika moyo wa pili, ambao mshipa wake haukuguswa. Nao pia ukapungua kasi. Ikabainika kuwa mshipa ulitoa kitu majini, na kitu hicho ndicho kilichoibeba amri. Leo vitu hivi huitwa kemikali za kupeleka habari; sisi katika darsa hii tutaviita wajumbe.

Katika miaka ya 1950 Bwana Bernard Katz na wenziwe huko London walionyesha ya kwamba wajumbe hawatoki mmoja mmoja, bali hutoka kwa mafurushi, kila furushi kadiri moja. Furushi hilo ni kifuko cha duara kilichomo ndani ya ncha ya mkia wa seli. Upana wake ni kama nanomita 40 hadi 50, na ndani yake mna wajumbe kwa maelfu.

Mfano wa vifuko hivi ni majahazi yaliyofunga gatini, shehena imekwisha pakiwa, yangoja amri tu. Umeme ufikapo nchani, milango midogo iliyo katika ngozi ya seli hufunguka, na kalsiamu iliyo nje huingia ndani. Kalsiamu ndiyo amri yenyewe. Juu ya kifuko iko protini, jina lake sinaptotagimini, ambayo huinasa kalsiamu. Na mara ile kifuko huungana na ngozi ya seli, hufunguka, na wajumbe humwagika mwanyani. Ng'ambo ya pili vipokezi huwadaka, na seli ya pili ikapata habari. Kazi hii yote yaweza kwisha katika muda usiozidi sana sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa sababu ya kubainisha jinsi vifuko vinavyosafiri, vinavyoungana na vinavyotii amri, Mabwana James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipewa Tunzo ya Nobel mwaka wa 2013.

KIKOMBE CHA HELD

Hayo ndiyo mambo ya seli iliyokomaa. Sasa tuulize: je, mtoto huzaliwa na gati hili limekwisha kamilika?

Si jepesi kulijibu suala hili, kwani sinapsi nyingi za ubongo ni ndogo hata chombo cha kupimia hakiwezi kuingia. Lakini katika njia ya kusikia, katika shina la ubongo linaloungana na uti wa mgongo, iko sinapsi moja kubwa kuliko desturi. Bwana Hans Held wa Ujerumani aliieleza mwaka wa 1893. Ncha ya mkia wa seli moja imeikumbatia seli ya pili kama kiganja kilichoshika yai, na kwa umbo lake ikaitwa kikombe cha Held. Kazi yake ni kuipokea habari ya sikio la upande mmoja na kuivusha upande wa pili, ili ubongo ulinganishe sauti ya kulia na ya kushoto, ujue sauti yatoka wapi.

Kulinganisha huko kwataka haraka ya ajabu. Kichwa cha mtu si kipana. Sauti itokayo ubavuni hulifika sikio la karibu kabla ya sikio la mbali kwa tofauti ya takriban 0.7 ya sehemu ya elfu ya sekunde, wala si zaidi. Mwenye kupima tofauti ndogo kama hii hawezi kumtumia mjumbe mzembe, ambaye leo huwahi na kesho huchelewa.

Mwaka wa 1994 Bwana Ian Forsythe wa Uingereza alifaulu kuupima umeme wa kikombe hiki kwa mrija wa kioo mwembamba kuliko unywele, katika kipande cha ubongo wa panya kilichohifadhiwa kikiwa hai. Na mwaka wa 1995 Mabwana Gerard Borst, Fritjof Helmchen na Bert Sakmann, huko Heidelberg nchini Ujerumani, walipima pande zote mbili kwa wakati mmoja, mtoaji na mpokeaji. Tangu hapo kikombe cha Held kimekuwa kama chuo, ambamo wataalamu wa nchi nyingi hujifunza jinsi utoaji wa wajumbe unavyokomaa.

MABADILIKO YA KIKOMBE KICHANGA

Panya huzaliwa hasikii sauti za nje. Tundu za masikio yake hufunguka yapata siku ya 12 baada ya kuzaliwa. Wataalamu basi walikipima kikombe kabla ya siku hiyo na baada yake, wakaona hali zake mbili zahitilafiana sana. Tutataja mabadiliko sita.

La kwanza ni umeme wenyewe. Katika kikombe kichanga kila pigo la umeme ni refu. Katika kilichokomaa hupungua hata kufika kama nusu, kwa kuwa milango ya potasiamu, ambayo kazi yake ni kulizima pigo, imeongezeka nguvu na wepesi. Pigo refu huiacha milango ya kalsiamu wazi kwa muda mrefu, na amri ikawa ya kuvutavuta. Pigo fupi hutoa amri moja, ikakatika.

La pili ni aina ya milango ya kalsiamu. Mwaka wa 1998 Mabwana Shinichi Iwasaki na Tomoyuki Takahashi wa Tokyo walitumia sumu ya konokono wa baharini na sumu ya buibui, kwa kuwa kila sumu huziba aina yake ya mlango na kuiacha nyengine. Wakaona kuwa kikombe kichanga hutumia milango ya aina mbalimbali kwa pamoja. Lakini yapata siku ya 10 zile nyengine huondoka katika kazi hii, ikabaki aina moja, ijulikanayo kwa herufi P/Q.

La tatu ni umbali baina ya mlango na kifuko, na hili ni katika yaliyo makubwa. Mwaka wa 2005 Mabwana Michael Fedchyshyn na Lu-Yang Wang wa Toronto, nchini Kanada, walitia ndani ya kikombe dawa inayonasa kalsiamu polepole. Katika kikombe kichanga dawa ile iliiwahi kalsiamu njiani, na utoaji ukapungua sana. Katika kikombe kilichokomaa dawa ile ile haikufua dafu, kwani mlango na kifuko vilikuwa bega kwa bega, na kalsiamu ilikwisha fika kabla ya kunaswa. Ni kusema kuwa katika utoto nahodha hupigiwa kelele ya amri kutoka mbali, mmoja akasikia na mwengine asisikie. Katika ukomavu mwenye kutoa amri husimama pale pale gatini.

La nne ni akiba. Kikombe kichanga kina vifuko vichache vilivyo tayari, na kila amri hutoka fungu kubwa. Mfano wake ni mtu afunguaye duka akauza karibu shehena yote siku ya kwanza; kesho wateja waja, rafu ni tupu. Kikombe kilichokomaa kina vifuko vingi zaidi vilivyo tayari, na kila amri hutoka sehemu ndogo tu. Kwa hiyo huweza kuitikia mapigo mamia kwa sekunde moja bila ya kuishiwa.

La tano ni kusafisha na kurudisha. Protini za kuinasa kalsiamu huongezeka ndani ya ncha, ili amri ya kwanza isichanganyike na ya pili. Ngozi ya vifuko vilivyotumika hurudishwa ndani upesi ili vifanywe vipya. Tena kikombe chenyewe hubadilika umbo: kwanza huwa kama bakuli lililofunika, kisha hutoboka kikawa kama vidole vilivyoachana, na wajumbe waliokwisha fanya kazi wakapata njia ya kutoka.

La sita ni la upande wa mpokeaji. Vipokezi vya aina ya polepole, ambavyo hukawia kufunga, hupungua. Na vya aina ya haraka huongezeka. Laiti mtoaji angekomaa peke yake na mpokeaji akabaki na uzembe wake, haraka ile isingefaa kitu.

Basi, ndugu msomaji, liangalie jambo hili. Hapana hata moja katika haya sita linaloonekana kwa kulitazama sikio la mtoto. Sikio la nje ni zuri, limetimia. Na ndani mafundi wangali kazini.

NANI HUKIFUNDISHA KIKOMBE?

Baada ya kujua kwamba kikombe hukomaa, yatupasa kuuliza kinachokikomaza. Je, ni sauti, au ni hesabu iliyomo ndani ya mwili wenyewe?

Jawabu ni kuwa yote mawili yana fungu lake. Hata kabla ya tundu za masikio kufunguka, sikio la ndani halinyamazi. Mwaka wa 2007 Mabwana Nicolas Tritsch na Dwight Bergles na wenzao, huko Baltimore nchini Marekani, walionyesha ya kwamba seli zilizo kando ya seli za kusikia hutoa kemikali zenyewe, na mapigo ya umeme yakapanda katika njia ya kusikia ilhali hapana sauti yoyote. Ni kama mwenye nyumba azijaribuye taa zote kabla ya wageni kufika harusini.

Mwaka wa 2005 wataalamu wa Australia walipima panya waliozaliwa viziwi kabisa, wakakuta kikombe cha Held kimekomaa kwa kiasi kikubwa hata hivyo. Kwa hiyo mtu asije akasema kuwa kila kitu ubongoni chategemea sauti; hilo si kweli.

Lakini iko sinapsi nyengine kubwa katika njia hiyo hiyo, pale mshipa wa sikio unapoingia ubongoni kwa mara ya kwanza. Hiyo huharibika umbo lake kwa ukiziwi. Mwaka huo huo wa 2005 Bwana David Ryugo na wenziwe wa Baltimore walieleza habari za paka weupe waliozaliwa viziwi. Sinapsi zao za mahali hapo hazikuwa na sura ya kawaida. Baadhi ya paka hao wakatiwa chombo cha umeme katika sikio la ndani wakiwa na umri wa miezi mitatu, wakasikilizishwa sauti kwa miezi. Zilipotazamwa sinapsi zao, zilikuwa zimekaribia kuwa kama za paka wanaosikia.

Funzo lake ni wazi. Mwili huijenga njia kwa hesabu yake, lakini zimo sehemu ambazo sauti yenyewe ndiyo fundi. Sauti isipofika kwa wakati, sehemu hizo hupotoka. Ikifika mapema, huweza kutengenea.

MTOTO WA BINADAMU

Tusiihamishe hesabu ya siku za panya kwa mwanadamu. Mtoto wetu huanza kusikia angali tumboni, yapata mwezi wa sita wa mimba. Kwa hiyo anaposomewa adhana sikioni saa ya kuzaliwa kwake, hiyo si sauti ya kwanza kumfikia. Amekwisha kuisikia sauti ya mamake kwa miezi. Na mtoto azaliwaye kabla ya wakati huja duniani njia hii ikiwa changa zaidi, naye ahitaji uangalizi zaidi.

Hapana mtaalamu awezaye kutia mrija katika ubongo wa mtoto mzima, lakini iko njia isiyomdhuru. Waya huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, mlio mdogo huchezwa sikioni, na mawimbi ya umeme wa shina la ubongo hupimwa mtoto akiwa amelala. Katika mtoto mchanga mawimbi haya hukawia kuliko ya mtu mzima, na kukawia huko hupungua kidogo kidogo hata karibu na umri wa miaka miwili. Sehemu moja ya sababu ni mafuta yanayoizunguka mikia ya seli, na sehemu nyengine ni kukomaa kwa sinapsi zenyewe.

Kisha hufuata sehemu ya juu ya ubongo, inayofahamu maneno. Mwaka wa 2002 Bibi Anu Sharma na wenziwe huko Marekani walieleza kuwa watoto waliozaliwa viziwi wakatiwa chombo cha sikio la ndani kabla ya miaka mitatu na nusu, kwa kawaida ubongo wao uliitikia sauti kama ule wa watoto wenye umri wao. Waliotiwa baada ya miaka saba, wengi wao hawakufika hapo. Kabla yake, mwaka wa 1998, Bibi Christine Yoshinaga-Itano na wenziwe katika jimbo la Colorado walikuwa wameonyesha kuwa watoto wasiosikia vizuri waliogunduliwa kabla ya miezi sita walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye.

Uko pia ukiziwi ambao kosa lake li katika utoaji wenyewe. Sikio la ndani lina protini iitwayo otofelini, ambayo kazi yake ni kuitikia kalsiamu ili vifuko vimwage wajumbe. Mtoto akirithi kasoro ya protini hii kwa baba na kwa mama, sikio lake hupokea sauti lakini wajumbe hawatoki. Mwaka wa 2024 madaktari wa Shanghai, nchini China, walitangaza kuwa walitia nakala nzima ya maelezo ya protini hiyo katika masikio ya watoto sita, na watano kati yao wakapata kusikia. Tiba hii bado ni changa, lakini ni dalili ya faida ya kujua kosa li wapi.

MARADHI YA MANJANO

Sasa tufikie jambo lililo karibu zaidi na nyumba zetu. Katika kila watoto 10 waliotimiza miezi, yapata 6 huingiwa na manjano katika juma la kwanza. Na katika waliozaliwa kabla ya wakati ni yapata 8. Sababu yake ni kuwa chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa kitu cha manjano kiitwacho bilirubini, na ini la mtoto mchanga halijapata nguvu ya kukiondoa. Mara nyingi hupita salama. Lakini kikizidi sana huingia ubongoni, na miongoni mwa sehemu zinazodhurika mapema ni zile zile za njia ya kusikia. Mwaka wa 2010 Bwana Forsythe tuliyemtaja na wenziwe wa Leicester walionyesha katika panya kuwa bilirubini nyingi huziharibu ncha za seli zinazotoa wajumbe, na kikombe cha Held ni miongoni mwazo.

Ndiyo maana yuko mtoto ambaye baada ya manjano makali sikio lake lapokea sauti, lakini habari yafika ubongoni imevurugika nyakati zake. Hushtuka mlango ukipigwa, na wazazi wakasema, “Huyu asikia.” Lakini maneno hayabainiki kwake. Mtoto huyu hatoshi kupimwa sikio peke yake. Ni lazima yapimwe na yale mawimbi ya shina la ubongo.

Mambo matatu yafaa yajulikane na kila nyumba. La kwanza, katika nchi zilizozoea malaria, na pwani yetu ni mojawapo, wako watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachoilinda damu. Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, ambavyo hutiwa katika masanduku ya nguo, vyaweza kuivunja damu ya mtoto mwenye upungufu huo, na manjano yakapanda ghafula. Basi nguo za mtoto mchanga zisihifadhiwe na vidonge hivyo kabisa.

La pili, iko tiba ya mwanga. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Bibi Jean Ward, aliyezoea kuwatoa watoto nje kuota jua, aligundua kuwa ngozi iliyopigwa na jua hupoteza umanjano, na iliyofunikwa hubaki vile vile. Mwaka wa 1958 Daktari Richard Cremer na wenziwe walitangaza taa waliyoitengeneza kwa kazi hiyo. Mwanga wa buluu huigeuza bilirubini ikawa namna ambayo mwili waweza kuitoa. Ila mtu asidhani kuwa kumlaza mtoto uani asubuhi ni badala ya taa hiyo. Jua la uani halina kipimo, na manjano makali hayangoji.

La tatu ni dalili za hatari: manjano yaliyoonekana katika siku ya kwanza, manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, mtoto kulala mno na kukataa kunyonya, kulia kwa sauti nyembamba isiyo ya kawaida, au kuukunja mgongo kwa nyuma. Mtoto atazamwe penye mwanga wa mchana, na mwenye ngozi nyeusi aangaliwe weupe wa macho na fizi. Ikionekana dalili moja tu, apelekwe hospitali saa ile ile, si kesho.

YANAYOTUPASA

Wataalamu wa masikio wamepanga nyakati tatu zilizo nyepesi kukumbukwa: mtoto apimwe kusikia kabla ya mwezi 1; akishukiwa, hali yake ithibitishwe kabla ya miezi 3; na msaada uanze kabla ya miezi 6. Ambaye hakupimwa alipozaliwa apimwe leo. Kuchelewa ni bora kuliko kutopimwa, na kuwahi ni bora kuliko yote mawili. Mtoto wa miezi saba asiyegeukia sauti ya mamake, au wa mwaka mmoja asiyeitikia jina lake, sababu yake itafutwe kwa mwenye kupima.

Ikithibiti kuwa mtoto hasikii wala chombo hakipatikani, asiachwe bila ya lugha. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba ya mwaka wa 2010, nayo ni lugha kamili. Mtoto aoneshwe mapema, na nyumba nzima ijifunze pamoja naye, kwani ubongo unaokosa lugha kwa sikio waweza kuipata kwa jicho, ilimradi wakati haujapita.

Nasi tunaosomesha vyuoni tuna jukumu letu. Tofauti ya sini na swadi, ya te na twaa, ni ndogo mno sikioni, hupita upesi kuliko kupepesa jicho, na kuibainisha kwategemea ile haraka ya sinapsi tuliyoieleza. Mwanafunzi anayezichanganya herufi hizi kila siku, anayeutazama mdomo wa mwalimu, anayejibu lisiloulizwa, asipewe jina la mjinga wala la mkaidi, wala asiinuliwe bakora. Akalishwe mbele, na mzazi wake aitwe aambiwe kwa upole: “Mpeleke akapimwe masikio.”

Na kwa wazee wetu tunaowaheshimu, ombi letu ni dogo. Huruma ile ile iliyowafanya waseme “Ngoja” na iseme neno jengine, “Twende tukapime.” Akikutwa mzima, hapana kilichopotea ila nauli na asubuhi moja.

MASUALA YA BARAZA

1. Ni kitu gani kinachotoa amri ya kumwagwa wajumbe, na kwa nini ukaribu wa mlango na kifuko huleta haraka?
2. Kikombe kichanga huishiwa upesi. Elezeni sababu kwa mfano wa duka, kisha tafuteni mfano mwengine.
3. Panya viziwi walikuwa na kikombe kilichokomaa, na paka viziwi walikuwa na sinapsi zilizopotoka. Je, habari hizi mbili zapingana?
4. Kwa nini mtoto aliyepata manjano makali hatoshi kupimwa sikio peke yake?
5. Katika mitaa yenu, ni wapi mtoto mchanga hupimwa kusikia? Asiyejua na aulize hospitali iliyo karibu, alete jawabu katika baraza ijayo, ili lisomwe mbele ya wote.